Fremu Isiyo na Vumbi

Kilichompeleka Shoto mahabusu kilikuwa msumari. Tena msumari ambao haukuwepo.

"Panda kiti, Afande. Vua viatu kwanza," alisema Mwalimu. Alikuwa mwalimu mkuu mstaafu, mjane wa miaka sabini na mbili, na bado alizungumza na kila mtu kana kwamba kachelewa darasani. "Sasa tia mkono nyuma ya fremu, kona ya juu, upande wa kushoto. Unagusa nini?"

Sajini alivua viatu, akapanda. Soksi yake ya kulia ilikuwa na tundu kwenye kidole gumba. Mwalimu aliliona tundu lile, akalinyamazia kwa namna iliyouma kuliko kama angelisema.

"Sigusi kitu."

"Basi hiyo ndiyo kesi yenyewe."

Ukutani alikuwa amekaa baba mkwe wa Mwalimu, karani mkubwa wa zamani, amechorwa na koti lake na tai yake, ndani ya fremu pana ya dhahabu yenye maua ya plasta kwenye pembe zote nne. Alikuwa amekunja uso kama mtu aliyekanyagwa kidole na mgeni asiyeweza kumfokea.

"Huyu mzee hakunipenda," Mwalimu aliendelea. "Siku ya harusi yangu aliniuliza kama nimekuja kukaa au napita tu. Alipokufa nikampigilia msumari mgongoni, wa inchi mbili, kwa kisigino cha kiatu changu, nikatundika ufunguo wa akiba wa stoo. Miaka thelathini na moja namtia mkono mgongoni na hawezi kunijibu. Maua yakaanza kudondoka, nikapeleka fremu kwa mafundi. Wiki sita. Ikarudi inang'aa kama jino la mganga. Nikatia mkono na ufunguo wangu. Ufunguo ukaanguka chini."

"Huenda mafundi waliung'oa msumari."

"Na tundu lake je? Waling'oa na tundu?"

Sajini aliwasha tochi, akalaza shavu ukutani. Mbao ya nyuma ilikuwa imepakwa maji ya kahawia ili ionekane kuukuu. Hakukuwa na tundu, wala kiraka, wala alama ya kuziba. Ripoti ya mtaalamu, iliyokunjwa mara nne mfukoni mwake, ilisema hivyo hivyo kwa maneno marefu zaidi: fremu hii ni mpya, imenakiliwa kutoka kwenye ile ya zamani kwa ustadi wa hali ya juu. Ripoti iliongeza jambo moja. Karatasi za dhahabu ni nyembamba kuliko ngozi ya kitunguu, na hupangwa moja baada ya nyingine, kila mpya ikilalia ukingo wa iliyotangulia. Katika fremu hii zilipangwa kuanzia kulia kwenda kushoto. Mtaalamu alihitimisha kuwa aliyezipanga alitumia mkono wa kushoto.

Na fundi aliyeileta fremu alikuwa anaitwa Shoto. Mkuu wa kituo alipofika mstari huo alicheka kwa furaha, akaagiza soda.

"Mwanangu wakili ndiye aliyeita polisi," alisema Mwalimu. "Mimi nilitaka msumari wangu. Lakini ukizaa wakili, hata kikombe kikivunjika jikoni kinafunguliwa jalada."

"Msichana alipoileta, alikuwaje?"

"Alinipa daftari nitie sahihi. Maji alikataa." Mwalimu alifikiri. "Nimefundisha miaka arobaini, Afande. Mtoto mwenye kosa huangalia chini. Yule hakuangalia chini. Aliangalia fremu. Muda wote aliokaa hapa alikuwa anaiangalia kama mtu anayesoma barua ya msiba."

Sajini aliandika hilo. Kisha akateremka, akavaa viatu vyake, tundu kwanza.

*

Mahabusu ya wanawake ilikuwa na benchi moja, ndoo moja na dirisha la ukubwa wa daftari. Shoto alikuwa ameketi ameegemea ukuta, bila kamba za viatu, maana kamba huchukuliwa kaunta. Alikuwa na miaka ishirini na saba. Jina la Shoto alipewa shuleni kwa sababu ya mkono wake wa kuandikia, na likamkalia mpaka la kweli likasahaulika. Mama yake alifariki yeye akiwa na miaka minane. Mjomba wake, fundi fremu, akamchukua, na tangu hapo amelelewa katikati ya mbao na gundi.

"Shikamoo, Afande."

"Marahaba. Umelala?"

"Nilale wapi? Mwenzangu aliyetoka asubuhi anakoroma kama msumeno usiotiwa makali. Nilitamani nimpake mafuta."

Sajini hakucheka, ingawa kalamu ilisimama kidogo. "Kesho saa tatu unapelekwa mahakamani. Mkuu anataka jalada leo saa kumi."

"Sawa."

"Unaijua hiyo sawa unayoisema? Fundi aliyeitwa mwizi mara moja hapewi tena hata fremu ya picha ya kuku. Kibao cha karakana yenu nimekiona. 'Mzee Pembe na Mpwa.' Neno la mwisho rangi yake bado mpya."

Shoto alikuna ukuta kwa ukucha. "Kiliandikwa mwezi uliopita."

"Nani alitengeneza ile nakala?"

"Mimi."

"Peke yako?"

"Peke yangu."

"Dhahabu ulipanga kwa mkono—"

"Kushoto."

"Sijamaliza swali."

"Mimi nimemaliza jibu. Kushoto. Kwani jina langu nani?"

"Na fremu yenyewe ya zamani iko wapi?"

"Nimeiuza."

"Kwa nani?"

"Kwa mtu."

"Ana sura gani?"

"Ya mtu."

Sajini alikuwa amehoji waongo wa kila saizi. Mwongo wa kawaida humwaga maelezo: shati la mnunuzi, gari la mnunuzi, shemeji wa mnunuzi. Huyu alitoa uongo wake kama mtu anayelipa nauli, kiasi kile kile kinachotakiwa. Alimsukumia karatasi ya maelezo. Shoto akaisaini kwa mkono wa kushoto, haraka, bila kuisoma. Juu ya vifundo vya mkono ule kulikuwa na makovu ya zamani, manne, yamejipanga sawasawa.

"Hayo ya nini?"

"Nilianguka."

"Ukaangukia rula?"

Shoto aliuficha mkono chini ya paja. Mlango ulipokuwa unafungwa aliita, na kwa mara ya kwanza sauti yake ilikuwa ya mtu anayeomba kitu.

"Afande. Ukifika kwa mjomba, angalia kama amekunywa chai. Hupenda ikiwa inaunguza. Ukiona imepoa mbele yake, ujue ana jambo analipima kichwani, na siku hiyo hata kula hali."

*

Karakana ilikuwa chumba kirefu chenye milango miwili ya mbao, nusu barazani na nusu ndani, harufu ya gundi ya ngozi ikichemka taratibu ndani ya sufuria iliyowekwa juu ya sufuria nyingine. Vumbi la mbao lilikuwa limelala juu ya kila kitu: jiliwa, randa, mafungu ya mbao pembeni, redio, kofia ya mzee mwenyewe. Hata buibui wa kona ile alionekana amepakwa poda.

Karibu na mlango, mahali ambapo mteja akiingia lazima ajione, kilitundikwa kioo kikubwa ndani ya fremu pana ya kahawia. Ilipakwa rangi vibaya, kama kwa ufagio. Sajini alijitazama, akanyoosha kofia yake, akaingia.

"Karibu, Afande, karibu. Keti, stuli hiyo ni safi kuliko inavyoonekana."

Mzee Pembe alikuwa na miaka sabini na moja, mwembamba, mgongo umepinda kwa kuinamia kazi. Aliitwa Pembe kwa sababu kila aliyepita mbele yake alihubiriwa kuwa fremu ni pembe. Mbao nne mtu yeyote anazo, ila kuzikutanisha kwenye pembe bila ufa ndiyo ufundi. Mkono wake wa kulia ulikuwa ndani ya mfuko wa aproni. Kwa wa kushoto alimimina chai ya maziwa kutoka kwenye chupa, vikombe viwili, hakumwaga hata tone. Akamkabidhi Sajini kimoja.

"Samahani kwa mkono huu. Mwingine una gundi."

"Hapana neno, Mzee."

Alikunywa funda la kwanza chai ikifuka moshi. Midomo ile ilikuwa imeshazoea.

"Mpwa wako anasema alifanya yote peke yake."

"Ndivyo anavyosema?"

"Polisi walipokuja hapa, wewe uliwaambia maneno matatu tu. 'Aliyepeleka ni yeye.' Nimesoma kwenye jalada. Hakuna la nne."

"Si kweli kwamba yeye ndiye aliyepeleka?"

"Ni kweli. Ndiyo maana nimekuja." Sajini aliweka kikombe sakafuni, akasimama, akaanza kutembea kandokando ya rafu. "Nifundishe kazi, Mzee. Mimi najua kukamata tu. Hii dhahabu inakaaje juu ya mbao?"

Hakuna fundi mzuri duniani anayeweza kukataa swali hilo. Mzee alisahau kwamba anahojiwa.

"Mbao haishiki dhahabu, Afande. Unaipaka chokaa laini iliyochanganywa na gundi, mara nane, mara kumi, unasugua msasa kila mara mpaka iwe kama yai. Halafu udongo mwekundu. Halafu unalowesha kwa maji, unachukua jani la dhahabu kwa brashi, unalishusha. Huvuti pumzi. Ukipumua limeruka, limekwenda kwa jirani."

"Na majani unayapanga kufuata upande gani?"

"Upande wa mkono wako. Anayetumia kulia huanzia kushoto, anaelekea kulia, mkono usipite juu ya jani bichi. Kama kuandika, mtu anavyokwepa wino."

"Na anayetumia kushoto?"

"Kinyume chake."

Sajini alikuwa amesimama mbele ya rafu yenye fremu ndogo sita za dhahabu, za picha za harusi na za mahafali, kila moja na kikaratasi cha jina la mwenyewe. Alitoa kioo cha kukuza.

"Hizi nani kazipaka?"

"Mpwa wangu. Rafu hiyo yote ni yake. Angalia pembe hiyo, Afande, tafuta ufa mpaka kesho. Hutauona."

Sajini hakutafuta ufa. Alitafuta mistari, nyembamba kama unywele, pale jani moja lilipolalia jingine. Fremu ya kwanza: kushoto kwenda kulia. Ya pili hivyo hivyo. Alizimaliza zote sita bila haraka, akazirudisha zilipokuwa.

"Ana mkono mzuri," alisema.

"Mzuri mno."

"Mkono upi?"

"Wa kulia!" Mzee alinyoosha shingo kwa fahari. "Alikuja hapa ana miaka minane, kila kitu kwa kushoto. Kushika patasi, kushoto. Brashi, kushoto. Nikamwambia, mama, dhahabu haipokelewi kwa mkono wa kushoto. Shuleni aandike atakavyo, lakini kwenye meza hii, hapana. Rula ile pale ya chuma ndiyo iliyomnyoosha. Miaka miwili. Analia anapanga, analia anapanga. Leo ukimwamsha usingizini ukampa brashi, ataipokea kwa kulia."

Gundi ilitoa mapovu mawili. Redio chini ya vumbi lake ilikuwa kimya.

"Mzee," Sajini alisema, "dhahabu ya ile nakala iliyoko kwa Mwalimu imepangwa kutoka kulia kwenda kushoto."

Mzee Pembe alikuwa anapeleka kikombe mdomoni. Kiliishia njiani. Kikarudi mezani polepole, bila sauti, na hakikuinuliwa tena.

"Ripoti inasema ni mkono wa kushoto. Nikamuuliza Shoto, akadai ni wa kwake. Alidai kabla sijamaliza swali. Sasa wewe umeniambia mkono wake wa kushoto ulishaufukuza kazi tangu utotoni. Karakana hii ina meza mbili. Toa mkono kwenye mfuko."

"Una gundi."

"Gundi hukauka. Toa."

Ulitoka. Ulikuwa unatetemeka kuanzia kiwiko, vidole vinapigapiga hewa kama vinatafuta kitu gizani. Mzee aliutazama kwa chuki, kama mtu anavyotazama mgeni aliyevunja chombo na bado hajaondoka.

"Tangu lini?"

"Mwaka jana, miezi ya mvua. Niliamka nikashindwa kufunga kifungo."

"Shoto anajua?"

"Ndiye aliyekuwa ananifunga."

"Kwa hiyo ukajifunza upya."

"Nilijifunza usiku na mchana. Kwa kushoto." Alicheka kicheko kifupi, kichungu, kisichofika machoni. "Hakukuwa na mtu wa kunichapa rula."

Sajini alikuwa ameshageuka kuutazama mlango, na karibu na mlango, kile kioo. Alikiendea, akapitisha kidole juu ya fremu ya kahawia, kwenye mikunjo ya maua yaliyozibwa na rangi ile mbaya. Akakitazama kidole. Kilikuwa safi.

Akapitisha kidole hicho hicho juu ya redio. Kikatoka kimevaa kofia.

"Humu ndani hata buibui ana vumbi," alisema. "Kitu kimoja tu kinafutwa kila siku, mpaka ndani ya mikunjo. Tena ndicho kibaya kuliko vyote. Mtu aliyekesha miaka hamsini na pembe, aweke takataka hii mlangoni wateja waione?"

Mzee alikikazia macho kidole kile.

Sajini alitia mkono nyuma ya fremu, kona ya juu, upande wa kushoto. Hakuvua viatu. Aliugusa papo hapo: msumari wa inchi mbili, una kutu, umepinda kidogo kama kitu kilichopigiliwa kwa kisigino.

"Naam," alisema taratibu. "Shikamoo, msumari."

"Usiikwaruze," Mzee alisema. Alilisema haraka, kabla hata ya kukana. "Chini ya rangi nilipaka nta. Ni rangi ya maji. Kitambaa chenye unyevunyevu kinaitoa yote. Usitumie nguvu."

"Uliacha msumari kwenye ya zamani, na kwenye mpya hukuuweka. Maua umeyanakili yote, hata la pembe ya chini lenye jani lililokatika. Msumari ukausahau?"

"Sikuusahau!" Sasa alikuwa na hasira ya kweli. "Nani anapigilia msumari wa stoo kwenye kazi kama ile? Niliinakili jinsi ilivyotoka mkononi mwa aliyeitengeneza. Ule si msumari, ni tusi."

"Uliinakili ya fundi. Mwalimu yeye ana ya kwake, na ya kwake ina msumari." Sajini alivuta stuli, akakaa mbele yake. "Aliyeitengeneza ni nani?"

Mzee alinyoosha kidole cha mkono wa kushoto. "Ishushe. Taratibu, inalala kwa uso. Angalia nyuma, pembe ya chini, kulia."

Aliishusha juu ya gunia. Nyuma, pale chokaa ilipomwagikia mbao kabla haijakauka, kulikuwa na alama ya kidole gumba, pana, kila mstari wake umesimama kama umepigwa jana.

"Baba yangu," alisema Mzee. "Nilikuwa na miaka tisa, namshikia taa. Ndiyo kazi yake ya mwisho kubwa. Afande, nimetundika baba za watu ukutani miaka hamsini. Wenye vyeo, wenye masharubu, wanene, wembamba. Baba yangu mimi hana hata picha ya kitambulisho. Sura yake imenitoka kichwani, siioni tena. Kimebaki kidole hicho. Kikaja hapa mlangoni kimefungwa kwenye shuka, na msumari kwenye shingo, wananiambia, fundi, isafishe uturudishie."

"Ungemwomba Mwalimu."

"Aniuzie baba yangu?"

"Ungeomba."

"Ningeomba akakataa, halafu ikipotea wangejua pa kuja."

Hesabu ilikuwa nzuri. Sajini aliiandika kama ilivyotoka.

"Sasa sikiliza, Mzee, maana saa kumi iko mlangoni. Fremu hii naondoka nayo. Lakini mpwa wako ameshasaini kwamba nakala ni yake, na sahihi yake iko kwenye daftari la kupeleka. Nikirudi na fremu tu bila neno lako, Mkuu atasema vizuri, mali ya wizi imepatikana, na mwizi tunaye ndani. Mbao hazitoi ushahidi. Wewe ndiye unayeweza kumtoa. Sema uliyofanya, niandike, usaini."

Mzee alitazama kidole cha baba yake.

Kikombe kilikuwa mezani kati yao. Moshi wake ulikuwa umepungua, ukawa uzi, uzi ukakatika. Nje mtu alipita akipiga mluzi. Mzee hakuinua kichwa.

"Nikisema, inarudi kwao?"

"Inarudi."

"Na hiki?"

"Kiko kwenye mbao, Mzee. Kitaenda na mbao."

Utando mwembamba ulianza kujitanda juu ya chai, kwanza pembeni, kisha katikati. Sajini aliutazama ukikunjamana. Alikuwa amewasubiri majambazi wakubwa waamue kusema, wakiwa na roho za watu shingoni, na hawakuchukua muda huu.

"Yeye bado kijana," Mzee alisema mwishowe, akiongea na gunia. "Ni kosa la kwanza. Nilisema hakimu atamwonea huruma. Miezi michache, anatoka, anakuta karakana inamngoja, kibao kina jina lake. Mimi miezi michache sina."

"Kwa hiyo ulipima."

"Mtu hupima, Afande."

"Ulipopima, upande mmoja uliweka mbao nne. Upande wa pili uliweka nini? Nataka kuandika vizuri."

Utando ulifunika kikombe chote. Nje, yule wa mluzi alirudi na mluzi wake ule ule, tayari amekwenda alikokwenda na kumaliza shughuli zake. Ndipo Mzee alipokiweka kile kiganja kinachotetemeka juu ya alama ya kidole, akajaribu kukituliza pale, kikakataa kutulia.

"Andika," alisema.

Alisaini kwa mkono wa kushoto. Hakuomba samahani.

*

Saa kumi kasoro dakika tano Sajini aliweka jalada juu ya meza ya Mkuu wa kituo, na juu ya jalada akaweka karatasi mbili za maelezo ya Mzee. Mkuu alisoma, akasogeza soda pembeni.

"Mjomba wake?"

"Mjomba wake. Nimemwacha kwenye chumba cha mahojiano, amekaa. Fremu iko stoo ya vielelezo, nimeilaza kwa uso."

"Sasa yule binti kwa nini alikubali?"

"Hilo si kosa la jinai, Mkuu."

Kaunta, askari wa zamu alimrudishia Shoto vitu vyake: pochi, kitambaa, funguo mbili, kamba za viatu. Shoto aliketi kwenye benchi la wageni, akaanza kupitisha kamba kwenye matundu, moja moja. Vidole vyake vyote kumi vilikuwa vizuri, vya kulia na vya kushoto.

"Amesema mwenyewe?" aliuliza bila kuinua kichwa.

"Mwenyewe."

"Umeiona fremu?"

"Nimeiona. Na kidole."

Shoto alitikisa kichwa. "Nilijua siku ile nilipoibeba kwenda kwa Mwalimu. Ilikuwa nyepesi begani. Nikasimama njiani, nikaigeuza nyuma, sikukiona kidole cha babu. Nikasema, nirudi? Nikirudi nitamwambia nini? Nikaendelea." Alikaza fundo la kiatu cha kwanza. "Mtamweka ndani?"

"Kesho saa tatu. Kwenye nafasi yako."

"Mpeni sweta. Ukuta ule una baridi." Akaanza kiatu cha pili. Kamba ilipita tundu la kwanza, la pili, la tatu. "Afande. Chai yake aliimaliza?"

Sajini alikuwa na majibu mengi mdomoni. Kazi yake ilikuwa imemfundisha kudanganya kwa uso mkavu, tena kwa sababu ndogo kuliko hii. Lakini binti aliyeketi pale alikuwa amelelewa na mtu wa pembe. Angeuona ufa.

"Ilipoa," alisema.

"Sana?"

"Mpaka ikafanya utando."

Shoto alifunga fundo la pili. Alilifunga, akalifungua, akalifunga tena. Kisha akasimama, akachukua zile funguo mbili za karakana, akazitazama, akaziweka juu ya kaunta mbele ya askari wa zamu kana kwamba nazo ni vielelezo.

"Mimi nilikujibu kabla hujamaliza swali, Afande," alisema, akatoka nje.